Majina ya Kwenye Karatasi ya Mahudhurio

Warsha yoyote inayofanyika Dodoma huanza na karatasi. Kabla ya sala, kabla mgeni rasmi hajafika, karatasi ya mahudhurio inazungushwa meza kwa meza: namba, jina, taasisi, simu, barua pepe, sahihi. Watu huijaza huku wakizungumza na jirani, wengine hata kichwa chake hawakisomi, maana wanajua jambo moja: asiyesaini hapo hana nauli wala posho.

Nina ukumbi wa watu 80 na vyumba 14 vya kulala wageni huku Kisasa, na karatasi hizo nimezishika kwa mamia. Mwaka 2021 nilizichukua nikazifanya mali yangu. Naandika nilivyofanya kwa sababu nawajua wenye kumbi na lodge hapa mjini, na najua kuwa wapo wenye makasha ya karatasi kama zangu kwenye stoo, wanaofikiri leo kama nilivyofikiri mimi wakati ule.

Nilifungua biashara 2019. Serikali ilikuwa imetangaza kuhamia huku tangu 2016, na tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Kila mtu alikuwa anajenga. Nilikopa benki kwa dhamana ya nyumba ya familia, na mwaka wa kwanza haukunitisha: warsha zilifuatana hadi nikawa nakataa wateja. Halafu ikaja corona. Mikutano ikaahirishwa, mashirika yakaanza kukutana kwa kompyuta, na wafadhili wakakata mafungu ya semina. Kufikia katikati ya 2021 ukumbi ulikuwa unakaa wiki nzima bila mtu. Tulikuwa tunafuta vumbi jekundu kwenye viti asubuhi, na jioni lipo tena. Nilikuwa nimeshawaaga wapishi wawili. Rejesho la benki halikuahirishwa.

Kijana aliyekuwa ananitengenezea tovuti ndiye aliyeyaona yale makasha. Utaratibu wetu ulikuwa kwamba kila mwandaaji wa warsha akimaliza, anatuachia nakala ya karatasi ya mahudhurio, tunaiambatisha kwenye ankara kuthibitisha idadi ya waliokunywa chai ya saa nne na kula chakula cha mchana. Idadi ndiyo tuliyokuwa tunaihitaji. Majina yalikuja nayo tu.

Akaniambia, "Mama, una hazina humu ndani na umeikalia."

Tuliziandika kwenye eksel kwa wiki tatu, mimi na binti wa mapokezi, usiku baada ya kufunga jiko. Mwandiko wa watu wanaosaini haraka unachosha macho. Herufi "u" na "n" zinafanana, na mara nyingi mwisho wa jina ni mstari tu. Nakumbuka jina la ukoo la mama mmoja nililikata herufi ya mwisho kwa sababu ilikuwa imemezwa na sahihi ya mtu wa chini yake. Tulipata watu kama 2,300. Kijana akaja na flashi yenye anwani nyingine 9,000, alizozinunua kwa mtu wa Dar es Salaam kwa shilingi 100,000 zangu. Sikuuliza yule mtu alizipata wapi. Nilijua kuwa nikiuliza nitalazimika kusikiliza jibu.

Sasa ikaja kazi ya kuandika barua yenyewe, na hapa ndipo ninapoona aibu kuliko mahali pengine pote. Kijana alisema watu hawafungui matangazo. Akapendekeza kichwa cha barua kiwe hivi: YAH: MADAI YA POSHO ZA WASHIRIKI. Ndani, mstari wa kwanza uwataje kwa warsha waliyohudhuria, "Ndugu mshiriki wa warsha ya jambo fulani," kisha ndiyo waone kuwa ni ukumbi unaowakaribisha tena, bei za vyumba, picha nne na orodha ya vyakula. Nilisoma kile kichwa. Najua mtu anayesubiri posho anavyosubiri. Mume wangu ni mwalimu. Nikanyamaza kidogo, kisha nikamwambia atume.

Tulituma Jumatatu jioni. Zile anwani za kununua zilipita kwenye programu. Zile za kwetu alizituma kwa barua pepe ya kawaida, warsha moja baada ya nyingine, anwani zote zikiwa pamoja kwenye kisanduku cha juu, kiasi kwamba kila mpokeaji aliwaona wenzake wote.

Simu ya kwanza iliingia Jumanne saa mbili asubuhi. Alikuwa mwalimu wa Mpwapwa, mtu mzima kwa sauti.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mama. Nimeona ujumbe wenu kuhusu madai. Mimi ni yule wa mafunzo ya Machi mwaka juzi, siku mbili za mwisho hatukulipwa. Nilikuwa nauliza, fedha zitapita benki au kwenye simu?"

Nilimwambia ukweli, kwamba sisi ni ukumbi tu, na ile barua ilikuwa tangazo. Akanyamaza. Kisha akasema picha zilichukua muda kufunguka, ilibidi aongeze bando ili aone hiyo orodha ya malipo iko wapi. Akasema, "Haya mama, asante," akakata. Siku ile walipiga watu tisa wa namna yake. Niliacha kupokea saa sita.

Katika matangazo yote ninayoyajua, hili ni la pekee kwa upande wa gharama. Gari la matangazo linalopita mtaani na spika, mwenye biashara ndiye analipa mafuta na mtangazaji. Kipindi cha redio analipa yeye. Barua pepe 11,000 hazikunigharimu karibu chochote zaidi ya ile 100,000, lakini kila mmoja aliyeifungua alilipa kwa bando lake na muda wake, na wengine, kama mwalimu yule, kwa matumaini. Niliwahamishia gharama ya biashara yangu watu ambao hawakuwa na taarifa kwamba mimi nipo.

Upande wa mitambo ulianguka siku hiyo hiyo. Maelfu ya zile barua yalirudi kwa sababu anwani zilishakufa. Kampuni iliyokuwa inahifadhi tovuti yetu ilifunga barua pepe zetu kabla ya saa kumi jioni na kutuandikia kwamba wamepokea malalamiko. Baadaye fundi mwingine alinieleza jambo ambalo kijana wangu hakulijua: orodha za kuuzwa huwa zimechanganyika na anwani za mitego. Ni anwani ambazo hakuna binadamu anayezitumia, zimeachwa mtandaoni makusudi ili zikusanywe na wale wanaozoa anwani bila ridhaa. Kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kuiandika anwani ile kwenye fomu yoyote, ujumbe ukifika pale ni ushahidi kwamba mtumaji hakuomba ruhusa. Anwani yako inaingia kwenye orodha nyeusi ambazo watoa huduma za barua pepe duniani huzisoma, na kutoka humo si kazi ya siku moja. Shirika moja lililokuwa linakuja kwetu kila Septemba liliomba profoma, yaani makadirio ya bei kabla ya oda, mwezi uliofuata. Tulituma. Ikaangukia kwenye barua taka zao, wakadhani hatuna nia, wakaenda ukumbi mwingine. Nilipata habari hizo kwa mratibu wao, tulipokutana harusini, mwezi wa kumi na moja.

Hasara hiyo ningeweza kuibeba. Iliyonibadilisha ilikuja Alhamisi, kwa bajaji, saa nane mchana.

Alikuwa mama wa umri kama wangu, amevaa vizuri, mkoba kwapani. Alikataa soda. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaifungua juu ya meza ya mapokezi. Ilikuwa barua yangu, imechapwa, ina muhuri wa kupokelewa wa ofisi anayofanyia kazi. Mwaka 2019 alihudhuria kwangu warsha ya siku tatu ya watu wanaoishi na VVU. Wakati ule hakuwa na barua pepe yake mwenyewe, akaandika ya ofisi, kama wengi wanavyofanya. Katibu muhtasi alipoona kichwa kinachotaja madai ya posho, alifanya kazi yake: aliichapa, masjala wakaigonga muhuri, ikaingia kwenye faili, faili likaenda kwa mhasibu, likapita kwa mkuu wa idara. Lilikuwa limezunguka siku mbili kabla halijafika mezani kwake. Mstari wa kwanza ulitaja warsha ile kwa jina lake kamili. Chini ya hapo lilikuwepo jina lake. Juu ya ukurasa zilionekana anwani za wenzake 40, nyingi zikiwa na majina ya wenyewe ndani yake.

Hakupiga kelele. Aliweka kidole kwenye jina lake akasema, "Hata jina mmelikosea." Ndiye niliyemkata herufi ya mwisho.

Kisha akasema maneno ambayo nayakumbuka kama alivyoyasema. "Dada, mimi sikukupa wewe jina langu. Niliandika pale ili nipate nauli ya kurudi nyumbani."

Sikuwa na jibu. Nilimwomba radhi pale pale, naye akasema radhi yangu haiwezi kulirudisha lile faili masjala. Aliniomba jambo moja, nisimpigie na nisimtafute, ila akinihitaji atanitafuta mwenyewe. Akaondoka na bajaji ile ile, ilikuwa inamsubiri.

Jioni nilikwenda kwa mama mdogo wangu, anakaa Chang'ombe. Hajawahi kushika kompyuta. Nilimsimulia yote. Alikaa kimya akichambua mlenda, halafu akaniuliza, "Hivi lile daftari la rambirambi la msiba wa baba yako, mtu angelichukua akaanza kuwapigia waliochanga awauzie viti vya plastiki, ungemwitaje?" Nilitaka kusema kwamba mambo hayafanani. Nilipotafuta tofauti sikuiona. Kwenye daftari la msiba mtu anaandika jina na simu kwa sababu ya marehemu na kwa sababu ya wafiwa. Kwangu waliandika kwa sababu ya warsha. Jina liliandikwa kwa shughuli, na shughuli ilikuwa imekwisha.

Wiki iliyofuata nilimwendea wakili aliyekuwa akilala kwetu wakati wa vikao vya Bunge. Nilimwuliza kama nitafungwa. Aliniambia tuanze na nilichokivunja, adhabu itafuata baadaye.

Nilikuwa nadhani eneo hili halina sheria. Kumbe Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ilikuwepo tangu 2015, miaka sita kabla ya barua yangu. Kifungu cha 32 kinakataza kumtumia mtu ujumbe wa biashara ambao hakuuomba, isipokuwa awe ameridhia, ujumbe wenyewe ueleze mwanzoni kabisa anayeutuma ni nani na kwa nini, na umpe mpokeaji njia ya kukataa nyingine zisije. Mimi sikuwa na ridhaa. Mwanzoni mwa barua palikuwa na uongo kuhusu posho. Njia ya kukataa ilikuwepo kwa sura tu: kijana aliweka neno "Jiondoe" chini, linaloelekea kwenye anwani ambayo hakuna mtu aliyekuwa anaisoma.

Nikajitetea kwamba hawa walikuwa wageni wangu, walikula kwangu. Sheria inawafikiria wenye biashara hapo, maana inahesabu kuwa ridhaa ipo ikiwa uliipata anwani katika kuuziana au kupatana bei na mtu, unamtangazia bidhaa zinazofanana na ile, ulimpa nafasi ya kukataa na hakukataa, na unampa tena nafasi hiyo kwenye kila ujumbe. Wakili akaniuliza, "Mama, nani alipatana nawe bei?" Lilikuwa shirika. Shirika ndilo lililoomba profoma, likatoa oda na kulipa. Mwalimu wa Mpwapwa na yule mama walikaa kwenye viti vyangu, lakini hakuna hata siku moja tulipouziana kitu. Mteja wangu alikuwa mmoja, nami nilijihesabia 41.

Akanionyesha pia Sheria ya Makosa ya Mtandao, nayo ya 2015. Kifungu chake cha 20 kinagusa ujumbe usioombwa unaotumwa kwa nia ya kutenda kosa chini ya sheria hiyo, pamoja na kughushi taarifa za utambulisho wa ujumbe, na faini yake inaanzia shilingi milioni tatu, au kifungo kisichopungua mwaka, au vyote. Aliona kesi yangu haiangukii moja kwa moja hapo kwa kuwa jina la ukumbi lilikuwa letu na hatukulificha. Lakini aliniambia nisijifariji. Katiba yenyewe, ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya heshima na hifadhi ya nafsi yake, maisha yake ya faragha na mawasiliano yake. Kuhusu yule mama, alisema, kama angeamua kufungua shauri, yeye asingekubali kunitetea.

Nilimwuliza kijana alikotoa uhakika kwamba tuko salama. Alikuwa amejifunza kwa video za Wamarekani. Kwao sheria ya 2003 inamruhusu mfanyabiashara kukuandikia bila kukuomba, mradi asidanganye kwenye kichwa cha barua, aweke anwani yake ya posta, na ukikataa aache ndani ya siku 10 za kazi. Yaani mzigo wa kusema hapana ni wa mpokeaji. Canada na nchi za Umoja wa Ulaya zimeupeleka mzigo upande wa pili, kwamba uombe kwanza. Sheria yetu inafanana zaidi na hao. Kijana alifuata sheria ya nchi ambako hakuna hata mmoja wa wageni wetu anayeishi, na hata hiyo tuliivunja kwa kile kichwa cha posho.

Nilitaka kuwaomba radhi wale 40 wengine, mmoja mmoja kwa simu. Nilimweleza wakili nikitegemea atanisifu. Akauliza, "Namba utazitoa wapi?" Zilikuwa kwenye karatasi ile ile. Nilikuwa nataka kuwafikia watu kwa njia niliyoiba ili niwaambie nimeacha kuiba. Na simu yangu ingeweza kupokelewa na mtoto, na mume, na mtu mwingine ofisini. Hivyo nilikwenda mwenyewe kwenye shirika lililoandaa warsha ya yule mama, nikakaa mbele ya mratibu wao nikaeleza kila kitu. Alikasirika, na alikuwa na haki. Walichukua nakala yao ya karatasi, wakanitaka nifute faili mbele yao, na wao ndio waliozungumza na washiriki kwa namna wanayoijua. Hawajarudi tena ukumbini kwangu, na sijawahi kuwaomba.

Zile karatasi nyingine zote nilizichoma nyuma ya jiko. Tangu hapo namwomba mwandaaji anisainie idadi tu: leo chai 43, chakula 41. Ankara hazijawahi kukataliwa kwa kukosa majina. Nikikumbuka kwamba tulikuwa tunakusanya majina ya watu miaka yote ile kuthibitisha hesabu ya maandazi, moyo unaniuma.

Novemba 2022 Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, hapa hapa Dodoma, siku ambazo baadhi ya wabunge na wasaidizi wao walikuwa wamelala kwangu. Ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa rasmi Aprili 2024. Niliisoma kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa kwa jina lake. Taarifa zikusanywe kwa kusudi linalojulikana na zisitumike kwa lingine. Taarifa za afya ni nyeti na zina ulinzi wa ziada. Mtu ana haki ya kuzuia taarifa zake zisitumike kumtangazia biashara. Biashara kama yangu, inayoandika majina na simu za wageni kila usiku, inatakiwa kujisajili kwenye Tume, nami nilijisajili.

Sasa mapokezi tuna kadi ndogo. Inauliza kama mgeni angependa kupata bei zetu kwa barua pepe, na ina kisanduku kitupu cha kuweka tiki. Niliambiwa na mwenye lodge mwenzangu niweke tiki tayari, asiyetaka aifute. Nilikataa, kwa sababu mtu aliyetoka kwenye basi saa nne usiku hafuti kitu, anataka ufunguo. Wengi hawaweki tiki. Waliokubali mpaka leo ni watu 212. Nawaandikia mara nne kwa mwaka, moja ikiwa kabla ya Bunge la bajeti, ambapo vyumba hugombaniwa mji mzima. Jina la ukumbi liko mstari wa kwanza, hakuna picha nzito, na kitufe cha kujiondoa nimekijaribu mimi mwenyewe kwa anwani yangu. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanawadai wanaotuma ujumbe mwingi kitufe cha aina hiyo, kinachofanya kazi kwa mbofyo mmoja, na wanataka malalamiko yasifike matatu kwa kila ujumbe 1,000. Mimi sifikii hata karibu ya wingi huo, lakini nilimwambia fundi atuwekee taratibu zile zile.

Kwa taasisi ambazo hazijawahi kunijua, naenda mwenyewe. Napanda daladala hadi Mtumba, kwenye ofisi za Serikali, na barua yenye muhuri, nagonga, nasalimia, naiacha kwa katibu, anasaini kwenye kitabu changu cha dispachi. Wapo wanaonicheka kwamba niko nyuma ya wakati. Nimejiuliza pia kuhusu kumwandikia afisa ugavi wa taasisi barua pepe moja, kwenye anwani ambayo ofisi imeitangaza yenyewe ili iandikiwe, nikieleza ukumbi wangu kwa sababu ya shughuli yao ninayoijua. Nadhani hiyo ni halali kwa dhamiri yangu, maana kuna mtu mmoja ninayemfikiria ninapoandika, na nikijibiwa hapana nitaisoma. Ile Jumatatu ya 2021 sikuwa namfikiria mtu yeyote.

Kitu kimoja sikukiweza. Kijana alikuwa na nakala ya eksel yetu kwenye kompyuta yake. Nilimwomba aifute, akaniambia ameifuta, kisha akahamia Mwanza na namba yake ikawa haipatikani.

Mwaka jana yule mama alinipigia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile, na niliijua sauti yake kabla hajajitaja. Sasa ana barua pepe yake na ameshahama ofisi, lakini katibu wa ofisi ya zamani, mtu mwema, alimpigia kumwambia kuna ujumbe wake umeingia. Ni tangazo la viwanja vilivyopimwa Ihumwa. Hawajui wauzaji hao na hajawahi kuuliza kiwanja.

"Wameniandika jina," akasema. "Limekatwa herufi ya mwisho."

Nilimwuliza kama ananiruhusu kwenda kwake. Akanielekeza. Tulikaa barazani kwake alasiri nzima tukiandika malalamiko ya kupeleka kwenye Tume, yeye akisema, mimi nikiandika, kwa kuwa alisema mkono wake unatetemeka akiandika mambo haya. Tulieleza ujumbe, tarehe, jina la wauzaji, na ofisi ulikoingia. Tulipofika mahali pa kueleza jinsi wauzaji hao walivyoweza kulipata jina lake, alininyang'anya kalamu kwa upole, akanitazama kuona kama nitakataa, kisha akanirudishia.

Niliandika jina langu na la ukumbi, na mwaka 2021.